Ajali ya mtoto ina kinga: Piga magoti uikague nyumba yako

Jumapili moja jioni nikiwa zamu katika wodi ya watoto, aliletwa mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minane. Alikuwa anakohoa, anapumua kwa kasi na nguo zake zilinuka mafuta ya taa. Bibi yake aliyembeba hakusubiri nimuulize. "Daktari, ni mimi niliyeyaweka kwenye chupa ya maji," alisema, kisha akakaa sakafuni.

Chupa yenyewe alikuja nayo. Ilikuwa ya nusu lita, ile tunayonunua maji kila siku, na bado ilikuwa na karatasi yake ya nembo. Mafuta hayo yalikuwa ya kuwashia jiko la mkaa na chupa ilikaa nyuma ya mlango wa jikoni. Mtu mzima akiingia haioni. Mtoto anayejifunza kutembea anaiona kabla ya kitu kingine chochote, na kwake yeye chupa ya aina ile ina maji ya kunywa.

Nyumbani walimnywesha maziwa, kisha wakamtia kidole kooni atapike. Walifanya hivyo kwa nia njema, lakini ndipo hali ilipozidi kuwa mbaya. Mafuta ya taa yakibaki tumboni madhara yake huwa madogo ukilinganisha na yanapoingia kwenye mapafu. Kila mtoto anapotapika, hupata nafasi nyingine ya kuyavuta yaingie kwenye njia ya hewa. Mtoto yule alikaa wodini siku sita, mbili za kwanza akiwa kwenye oksijeni.

Usiku wa kwanza bibi aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Nimelea watoto saba bila ajali. Safari hii nimekosea wapi?" Na ndugu waliokuja kumtazama wakamfariji kwa msemo tunaoujua sote, kwamba ajali haina kinga.

Leo nataka tuzungumze kuhusu msemo huo, kwa sababu katika miaka yangu ya udaktari nimeona kwamba kwa watoto si kweli. Ajali zinazowaleta wodini zinafanana mno. Ni uji uleule, ndoo ileile, chupa ileile, kiti kilekile cha mbele cha gari. Kitu kinachojirudia namna hiyo kinaweza kuzuiwa.

Kwa nini upige magoti

Mtoto wa mwaka mmoja ana urefu wa takribani sentimita 75. Macho yake yapo chini ya usawa wa meza yako. Wewe unaikagua nyumba ukiwa umesimama, ndiyo maana unaiona iko salama.

Jumamosi hii asubuhi, kabla ya usafi, piga magoti mlangoni kwako na utambae chumba hadi chumba. Utakutana na waya wa pasi unaoning'inia, pembe ya kitambaa cha meza ambayo juu yake kuna chupa ya chai, soketi iliyolegea, sumu ya panya chini ya kabati, sarafu chini ya kochi na kidonge kilichodondoka wiki iliyopita. Kila unachoweza kukigusa ukiwa katika hali hiyo, mtoto wako anaweza kukivuta, kukimeza au kukiangusha juu ya kichwa chake.

Fanya ukaguzi huo tena kila baada ya miezi michache, kwa sababu mtoto hubadilika upesi. Mtoto wa miezi minne ambaye jana alilala katikati ya kitanda bila kusogea, leo anajibiringisha na kuanguka. Wa miezi minane anatambaa na kutia kila kitu mdomoni. Wa mwaka mmoja anajiinua kwa kuvuta vitu. Wa miaka miwili anasogeza kigoda, anapanda na kufika pale ulipodhani umeficha. Wazazi wengi huniambia, "Sikujua kama ameshaweza kufika pale."

Jikoni: Uji, chai na maji ya kuoga

Tukisema mtoto ameungua, wengi hufikiria moto. Kwa watoto wadogo, mara nyingi kinachowaunguza ni kimiminika cha moto: uji, chai, mchuzi, maharage yanayochemka na maji ya kuoga. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yako, kwa hiyo chai ambayo wewe unaipuliza na kuinywa inaweza kumwachia kovu la maisha.

Chanzo kikubwa ni namna tunavyopika. Jiko la mkaa linakaa chini, na mtungi mdogo wa gesi wenye jiko lake juu nao unakaa chini. Juu yake kuna sufuria isiyo na mpini, iliyojaa. Kila kitu kipo usawa wa kifua cha mtoto. Kama una uwezo, inua jiko liwe kwenye meza imara au jukwaa la tofali. Kama unapika chini, weka kizuizi: benchi lililolazwa, ubao mlangoni au kitu chochote kizito kinachomfanya mtoto abaki upande wa pili. Chora mstari kwa chaki ukipenda, watoto wa miaka mitatu na kuendelea huuheshimu wakifundishwa, lakini kwa mdogo zaidi mstari hautoshi.

Sogeza sufuria mbali na ukingo na geuza mpini wa kikaangio uelekee ndani. Ondoa kitambaa cha meza mpaka mtoto akue. Usinywe chai ya moto ukiwa umempakata. Unapoandaa maji ya kuoga, tangulia kumimina ya baridi kwenye beseni, ndipo uongeze ya moto, kwa sababu mtoto anaweza kutumbukia wakati umekwenda kuchota mengine. Na usiku wa baridi, kamwe usiingize jiko la mkaa chumbani mnakolala. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Mtoto akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Ni muda mrefu, lakini hii ndiyo huduma ya kwanza inayopunguza kina cha jeraha, na bado ina faida hata kama zimepita saa mbili au tatu. Kama huna bomba, tumia kopo na ndoo. Vua nguo na shanga, ila usibandue nguo iliyoganda kwenye ngozi. Mfunike sehemu nyingine za mwili asipate baridi. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi na umlete hospitali.

Usipake dawa ya meno, asali, yai, unga, mafuta wala barafu. Kila wiki tunalazimika kusugua vitu hivyo kutoka kwenye majeraha ya watoto wanaolia kwa maumivu, ndipo tuone ukubwa wa jeraha lenyewe. Jeraha lolote linalozidi ukubwa wa kiganja cha mtoto, au lililo usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye maungio, pamoja na mtoto yeyote wa chini ya mwaka mmoja, lazima lionwe na daktari siku hiyohiyo.

Sumu zinazofanana na vinywaji na peremende

Kanuni ni moja: kisichonywewa hakikai kwenye chupa ya kinywaji. Mafuta ya taa, dawa ya chooni, dawa ya kuulia wadudu na maji ya betri vibaki kwenye vyombo vyake vya asili, juu, na ndani ya kitu kinachofungwa. Sanduku la bati lenye kufuli linatosha kabisa.

Kuna sumu nyingine ambayo wazazi wengi hawaidhanii, nayo ni dawa zao wenyewe. Vidonge vya kuongeza damu ambavyo mama mjamzito hupewa kliniki vina rangi na umbo la peremende, na konzi moja ya vidonge hivyo inaweza kumuua mtoto mdogo. Dawa za presha na kisukari za babu na bibi nazo ni hatari kwa kiasi kidogo sana. Usimwambie mtoto dawa ni pipi ili aimeze, kwa sababu atakuamini.

Mtoto akinywa mafuta ya taa au kemikali inayounguza, usimtapishe na usimpe maziwa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, chukua chupa au pakiti na mwende hospitali hata kama anaonekana mzima. Dalili za mapafu zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa.

Ndoo iliyojaa nusu

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), takribani watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tukisikia kufa maji tunafikiria bahari au Ziwa Victoria. Lakini mtoto anayeanza kutembea ana kichwa kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinama kwenye ndoo kuchungulia, huanguka kichwa chini na hawezi kujiinua. Maji ya kina cha sentimita tano yanatosha kumfunika pua na mdomo.

Halafu hapigi kelele. Hawezi, kwa sababu mdomo upo ndani ya maji. Mama aliye chumba cha pili akikunja nguo hatasikia chochote.

Hivyo ndoo na madumu ya akiba yafunikwe kwa mfuniko unaobana. Beseni la kufulia limwagwe mara mnapomaliza. Mlango wa bafu ufungwe. Kisima na shimo la choo linalojengwa viwekewe mfuniko mzito siku hiyohiyo vilipochimbwa, si fundi atakaporudi. Na mtoto akiwa ndani ya beseni la kuogea, simu ikiita iache iite.

Karanga, sarafu na betri ndogo

Mtoto wa chini ya miaka minne hana meno wala uzoefu wa kutafuna vitu vigumu. Karanga, mahindi ya kukaanga, maharage, shanga na vifuniko vya kalamu huingia kirahisi kwenye njia ya hewa. Kumkamata mtoto na kumlazimisha uji huku analia nako ni hatari, kwa kuwa anapovuta pumzi ya kilio anavuta na uji.

Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi kwenye mkono au paja lako, kichwa kikiwa chini, na umpige mara tano katikati ya mabega kwa kiganja. Ikishindikana, wa chini ya mwaka mmoja mgeuze chali na umkandamize mara tano katikati ya kifua kwa vidole viwili. Aliyezidi mwaka mmoja, mshike kwa nyuma na usukume tumbo lake juu ya kitovu, kuelekea ndani na juu, mara tano. Rudia kwa zamu mpaka kitu kitoke, huku mwenzako akitafuta usafiri. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani zaidi.

Zaidi ya yote, zifiche betri zile ndogo bapa zinazofanana na sarafu, zilizomo kwenye saa, rimoti na midoli inayoimba. Ikikwama kooni, betri hiyo huanza kuunguza na ndani ya saa mbili inaweza kusababisha jeraha kubwa. Mtoto akimeza, hilo si jambo la kusubiri atoe haja kubwa. Njoo mara moja.

Garini: Hapa nami nilikosea

Nimewasema sana wazazi wenzangu, sasa nijiseme mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunatoka kanisani, mwendo wa dakika kumi hadi nyumbani. Mwanangu wa miaka mitatu alikuwa amesimama katikati ya viti viwili vya mbele, anaimba. Mimi, daktari, nilikuwa nimefunga mkanda wangu. Mbuzi akakatiza barabara, mume wangu akakanyaga breki. Hatukugonga kitu chochote. Mtoto alirushwa akapiga paji la uso kwenye dashibodi. Alishonwa nyuzi saba katika hospitali ninayofanya kazi, na muuguzi aliyemshona hakuniambia neno. Kovu lipo mpaka leo.

Hiyo ilikuwa breki tu. Gari likigonga kitu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtu asiyefungwa mkanda ni kama aliyeanguka kutoka urefu wa mita 10, yaani kama ghorofa ya tatu. Hakuna mzazi mwenye mikono ya kumzuia mtoto katika nguvu hiyo. Mtoto aliyepakatwa kiti cha mbele hugeuka kuwa ngao kati ya mwili wa mzazi na dashibodi.

WHO inasema majeraha ya barabarani ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka mitano hadi 29 duniani, na kwamba kiti maalumu cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto garini kwa angalau asilimia 60. Magari mengi tunayoyaendesha yametoka Japani, nchi ambayo tangu Aprili 2000 sheria yake inataka mtoto wa chini ya miaka sita afungwe kwenye kiti hicho. Sisi tumelileta gari, kiti tumekiacha.

Mtoto mchanga hadi angalau miaka miwili akae kwenye kiti kinachotazama nyuma ya gari, kwa sababu kichwa chake ni kizito na shingo yake bado laini. Kikielekea nyuma, mgongo mzima wa kiti unapokea kishindo. Baada ya hapo anakaa kwenye kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake, mpaka azidi uzito au urefu ulioandikwa kwenye kiti. Kisha anatumia kiti cha kumwinua, ili mkanda wa gari upite begani na kwenye nyonga badala ya shingoni na tumboni, mpaka afikie urefu wa takribani sentimita 145. Watoto wote wa chini ya miaka 12 wakae nyuma. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwani ukifyatuka unaweza kumuua mtoto.

Viti vya mtumba vinapatikana kwa bei nafuu. Kabla hujanunua, angalia kama hakina ufa, mikanda haijachanika, tarehe yake ya mwisho wa matumizi haijapita, na muuzaji anajua kama kiliwahi kupata ajali. Ukishakifunga, kivute kwa nguvu pale mkanda unapopita. Kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu.

Huna kiti kwa sasa? Mtoto anayeweza kukaa mwenyewe akae nyuma na afungwe mkanda peke yake, asishirikiane na mtu. Kwa mtoto mchanga sina njia mbadala ya kukupa ambayo ni salama. Naweza kukuomba tu ukae naye nyuma, wewe ufunge wako bila kumzungushia yeye, dereva aende polepole, na kiti kiwe kitu cha kwanza mtakachonunua kabla ya redio mpya ya gari.

Usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa hata kwa dakika tano za kununua mkate. Juani, joto la ndani linaweza kupanda kwa takribani nyuzi 10 katika dakika 10, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wako. Na kabla ya kupiga rivasi uani, shuka uzunguke gari. Mtoto anayekimbilia kumuaga baba haonekani kwenye kioo.

Kwa wanaotegemea bodaboda, najua mara nyingi hakuna usafiri mwingine. Kama ipo bajaji au daladala, chagua hiyo. Mkilazimika, mtoto asikae mbele ya dereva juu ya tangi, asipakiwe mshikaki na wengine watatu, na awe na kofia ngumu inayomtosha. Mguu wake uwe mbali na ekzosi.

Nani anamwangalia mtoto?

Katika nyumba nyingi mtoto huachwa na dada wa kazi, ambaye mara nyingi naye ni binti mdogo, huku akipika, akifua na kudeki. Ajali ikitokea, yeye ndiye hulaumiwa. Kabla ya kumlaumu, jiulize kama uliwahi kumwonyesha maji ya dakika 20, kama ana salio la kukupigia, na kama anajua zahanati iko wapi. Tembeeni pamoja hiyo Jumamosi, yeye anaijua nyumba yako kuliko wewe. Andikeni ukutani namba yako, ya jirani mwenye gari na ya Zimamoto, ambayo hapa Tanzania ni 114.

Mtoto akianguka na kupiga kichwa, msimwangalie kwa macho tu mkisema amelala. Akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia isivyo kawaida, akipata degedege au akitokwa damu au majimaji puani na masikioni, mleteni haraka.

Bibi wa yule mtoto alirudi naye kliniki baada ya wiki mbili. Mapafu yalikuwa safi. Nilimjibu swali lake, kwamba watoto saba wa kwanza walilelewa na bibi yuleyule mwenye upendo uleule, ila siku zao chupa haikuwa nyuma ya mlango. Akaniambia mafuta ya taa sasa yanakaa kwenye dumu lake, ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo anauvaa shingoni. Pia alikuwa amepita kwa majirani wanne, akiwaomba wamwonyeshe wanapoweka ya kwao. Wawili kati yao waliyaweka kwenye chupa za maji.

Mwandishi wa makala haya ni daktari wa binadamu.